Jiko la nyama choma la karavani: angalia gesi kwanza

Kila niliyemuuliza jiko gani la nyama choma linafaa kwa safari za karavani alinijibu kwa BTU, yaani kipimo cha joto, ambacho kwa jiko huhesabiwa kwa saa. Muuzaji wa dukani, wanaume wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Colorado, hadi fundi aliyetukabidhi karavani yenyewe. "Chukua lenye BTU nyingi, dada, hutajuta." Nikachukua. Lilitutoa dola mia mbili na ushee, likatuharibia mapumziko ambayo watoto walikuwa wameyangoja tangu shule zifungwe, na jambo lililokuwa linaamua kama nyama itaiva au haitaiva hakuna hata mmoja aliyelitaja.

Kwanza nimalizane na mkaa, maana najua nitaulizwa. Nimekulia Arusha, nyama choma na ndizi za kuchoma nilizijua kabla sijajua kusoma. Shemeji yangu kila tukikutana ananiambia, "Shem, nyama ya gesi ni ya wagonjwa." Sawa, lakini huku kiangazi kikikauka, marufuku ya moto hutangazwa kwa ngazi, na ikifika ngazi ya pili mkaa na kuni vinapigwa marufuku hata kwenye mashimo ya moto ya kambini. Jiko la gesi lenye vali ya kufungia kwa kawaida linabaki halali. Na mimi naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Mwaka 2020 moto wa Cameron Peak uliteketeza zaidi ya ekari 208,000, mkubwa kuliko moto wowote uliorekodiwa katika jimbo hili, na mwaka huohuo moto wa East Troublesome uliingia ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain National Park na kuvuka mgongo wa milima. Ukishaona mabaki ya miti ile myeusi, huombi tena mtu akuruhusu kupuliza mkaa kwenye upepo.

Tena mkaa unaoonekana umezimika bado unatoa ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Nyumbani sote tumesikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi na haikuamka. Karavani ni chumba kidogo kilichozibwa vizuri. Kambi inataka muondoke asubuhi, jiko lina majivu yenye uhai, utaliweka wapi? Chini ya kitanda cha watoto? Hapana.

Kwa hiyo ni gesi. Karavani yetu ni ya kuvutwa na pikapu, ina mitungi miwili ya propani ya paundi 20 pale mbele, na ubavuni, karibu na mlango, kuna sehemu ya kuchomeka mpira wa gesi kwa ajili ya jiko la nje. Muuzaji aliionyesha kama ufunguo wa pepo: "Unachomeka hapa tu, hununui tena vimitungi." Jiko lenyewe lilikuwa na miguu ya kukunja, bana (vichomeo) tatu, na 20,000 BTU imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Tulilipeleka kambi ya Moraine Park, ndani ya hifadhi hiyohiyo niliyoitaja, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500. Nilikuwa nimenunua mbavu za mbuzi kwenye bucha ya halali Aurora, nimezilaza usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Nikachomeka mpira, nikawasha bana zote tatu, nikafunika. Kipimo cha joto kwenye mfuniko kilipanda kidogo kikagoma. Nilipofunua niliona miali ya bluu imelala chini kabisa, haina nguvu hata ya kusukuma moshi. Nyama ikaanza kutoa maji. Haikuchomeka, ilijichemsha kwa maji yake, ikageuka kijivu, mafuta yakaganda juu ya wavu badala ya kudondoka. Mume wangu akasema ni mwinuko, hewa ni nyembamba. Jirani wa kambi akasema ni upepo, tukalihamisha jiko nyuma ya karavani. Mwingine akasema tusubiri. Tulisubiri mpaka jua likazama. Mwisho mbavu ziliingia kwenye sufuria, jikoni ndani, zikawa mchuzi, na wadogo wakalala na mkate wa siagi ya karanga.

Usiku huo nilikataa kulala bila jibu. Tulikuwa na kile kimtungi cha kijani cha paundi moja, cha taa. Nikakichomoa kwenye taa, nikakifunga kwenye jiko lilelile, mahali palepale, mwinuko uleule, upepo uleule. Moto ukasimama wima papo hapo, unavuma. Basi si mwinuko, si upepo, na si jiko kuwa bovu. Ni gesi inayolifikia.

Nikachukua tochi nikaenda mbele kwenye mitungi. Pale katikati kuna regyuleta ya karavani, yaani kipunguza presha ya gesi, kidude cha kijivu cha ukubwa wa kiganja, na kwenye kibandiko chake imeandikwa 11 in. W.C. Maana yake ni kwamba inashusha presha ya gesi hadi inchi 11 za maji, chini ya nusu ya psi moja (paundi kwa inchi ya mraba), kwa sababu jiko la ndani, hita na friji vinataka gesi ya upole namna hiyo. Ndani ya mtungi wenyewe, siku ya joto la nyuzi 21 za Selsiasi, presha ya propani ni zaidi ya psi 100. Sasa jiko langu la kuchomea nalo lilikuwa na regyuleta yake, imefungwa pembeni, iliyotengenezwa ipokee gesi kali ya kimtungi na kuipunguza yenyewe. Nilipolichomeka ubavuni mwa karavani, gesi iliyokwisha kupunguzwa ikapunguzwa tena. Ni sawa na kukamua nazi iliyokwisha kukamuliwa, unachopata ni maji meupe.

Hilo ndilo ambalo muuzaji anapaswa kukwambia kabla ya kutaja BTU. Muulize: jiko hili lina regyuleta yake au halina? Ile sehemu ya ubavuni inafaa jiko lisilo na regyuleta, lililotengenezwa kwa presha ndogo. Kama jiko lina yake, litafutie gesi ambayo haijapita kwenye regyuleta ya karavani. Akikodoa macho, nenda duka jingine. Na usikubali mtu akwambie ung'oe regyuleta ya jiko kwa koleo uendelee na safari. Gesi haijaribiwi hivyo.

Dawa niliyoipata ni kipande cha shaba chenye midomo mingi kinachofungwa kati ya mtungi na regyuleta ya karavani. Mdomo mmoja unaendelea kulisha karavani, mwingine una nyuzi za kukazia zilezile za kimtungi cha kijani, ndipo unapofunga mpira mrefu wa presha kubwa mpaka kwenye jiko. Regyuleta ya jiko inafanya kazi yake, ya karavani inafanya yake. Kipande na mpira havikufika dola mia. Baada ya kufunga, paka povu la sabuni ya vyombo kila kiungio kabla ya kuwasha chochote. Kikitoa mapovu, funga mtungi, kaza upya. Mimi hufanya hivyo kila tunapofika kambi mpya, maana barabara inatikisa.

Kuna wanaosema, si uendelee tu na vimitungi vya kijani? Hesabu inakataa. Paundi moja ya propani ina takriban BTU 21,500. Jiko la BTU 20,000 likiwashwa lote linakimaliza kwa saa moja hivi. Tena kabla hakijaisha kinapoa: gesi ikigeuka kutoka maji kuwa hewa inanyonya joto la mtungi, na kimtungi kidogo kikikamuliwa kwa nguvu kinapata umande, kisha barafu nyeupe hadi pale maji ya gesi yalipofikia, na moto unashuka. Ukikishika unahisi mstari kabisa kwa vidole. Mtungi mkubwa hausumbuki hivyo. Halafu kijani kikiisha ni taka, na California wamekwisha kupitisha sheria ya kuzuia uuzaji wa visivyojazwa tena kuanzia 2028.

Nilipopata gesi sawasawa, nikataka na jiko sawasawa, maana lile la bana tatu lilikuwa zito na mfuniko wake bati jepesi. Hapa ndipo nilipofurahi kuliko kote. Nilizunguka kwa marafiki wenye majiko ya kubebeka nikiwa na mkate wa bei rahisi, ule wa vipande. Unawasha jiko, unalifunika mpaka lipate moto vizuri, unapanga vipande vya mkate wavu mzima bila kuacha nafasi, unafunika kama dakika moja, kisha unageuza vyote. Jiko linajieleza lenyewe. Lililokuwa na BTU nyingi kuliko yote lilinichorea mistari myeusi juu ya bana na weupe mtupu katikati. Jiko moja la wavu wa waya mwembamba lilinipa mkate mweupe upande mzima wa upepo. Watoto walikula ushahidi wote kwa jemu.

Lililoshinda ni la Weber, Q 1200, ambalo kwenye karatasi lina BTU 8,500 tu na wavu wa inchi za mraba 189. Mkate ulitoka kahawia karibu kila mahali. Mwili wake ni alumini nzito, wavu ni chuma kizito kilichopakwa enameli, kinashika joto, ukiweka nyama baridi hakizimiki. Kwa matumizi hayo ya gesi hata kimtungi kimoja cha kijani kinakaribia saa mbili na nusu. Nyinyi mkiwa wengi, kwa mfano familia mbili, wavu huo ni mdogo, tafuta mkubwa zaidi, ila nenda na mkate wako. Kabla ya kulipa nilikuwa pia na kartoni niliyoikata tundu lenye ukubwa sawa na mlango wa stoo ya chini ya karavani. Nikaipitisha juu ya jiko pale dukani. Jiko lilipita, ikabaki nafasi ya vidole viwili.

Mbuzi kwenye bana moja anataka mbinu. Washa moto mkubwa, funika robo saa. Choma mbavu pande zote zishike rangi. Kisha zitoe, tandika karatasi ya alumini iliyokunjwa mara mbili katikati ya wavu, acha kingo wazi hewa ipite, weka juu yake kiwavu kidogo cha kupozea keki, panga mbavu hapo, punguza gesi hadi chini, funika na usifunue funue. Moto haugusi nyama, unaizunguka. Vipande vya mti wa mesquite vikifungwa kwenye karatasi ya alumini yenye matundu na kuwekwa pembeni vinatoa moshi. Shemeji alikula sahani mbili na kuomba nyingine aondoke nayo.

Jiko likae mbali na ubavu wa karavani. Nimeona kwa jirani ukuta wa plastiki ulivyovimba mawimbi ya ukubwa wa sahani kwa sababu jiko liliwekwa kwenye reli ya ubavuni, na turubai la kivuli likiwa limetandazwa juu yake. Mimi huliweka mezani, umbali wa hatua kadhaa, ubavu wa karavani ukikinga upepo kutoka mbali.

Na kama mnaelekea hifadhi ya Yellowstone, yenye dubu, jiko halilali nje. Kanuni ya dubu inahesabu majiko ya kuchomea, vyombo na masanduku ya kupozea pamoja na chakula, vyote hufungiwa ndani visipotumika. Mimi namwaga trei ya mafuta kwenye kopo, nafungia kopo, nasugua wavu kabla haujapoa sana, kisha jiko linarudi stoo likiwa bado na uvuguvugu lakini mpira umeshatolewa na vali ya mtungi imefungwa.