Sumaku ya spika mbovu, mpaka Oldupai

Tulitoka Karatu bado giza, ukingo wa kreta ya Ngorongoro baridi ikatutandika mpaka meno yakagongana, halafu mkishuka upande wa pili ni joto na vumbi tu. Mfukoni nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, wenzangu wakanicheka njia nzima.

Watu wengi wakifika korongo la Oldupai wanaulizia fuvu la Zinj, lile la jamaa wa kale wa binadamu alilopata Mary Leakey 1959. Mimi nilikuwa nautaka mwamba ulio chini yake, ile lava nyeusi ya sakafuni kwa korongo. Iko hivi, lava ikiwa ya moto sana chembe zake za chuma hazina msimamo, ikipoa zinajipanga kufuata kaskazini ya siku hiyo na zinaganda hivyohivyo milele, na kaskazini ya sumaku huwa inahama kabisa inakwenda kusini, imefanya hivyo mara nyingi. Mwaka 1963 wanasayansi Grommé na Hay walitoa majibu ya vipimo vya lava hii: inaelekea kama leo. Baadaye ikaeleweka ni kipande kifupi cha wakati, kama miaka milioni 1.95 hadi 1.78 iliyopita, katikati ya kipindi kirefu ambacho dunia ilikuwa kinyume. Leo mtu akichimba popote duniani akikuta alama hiyo anaiita Olduvai, na jina lenyewe lilikosewa jamani, Wamasai wanasema oldupai, mkonge pori.

Ila sumaku peke yake haikutajii mwaka, inasema tu "kama leo" au "kinyume", hesabu ya miaka ilitoka kwenye potasiamu na argoni, maana potasiamu ndani ya mwamba inageuka argoni polepole kwa kasi inayojulikana.

Nikaweka simu juu ya jiwe, dira ikapotea njia. Ndo maana wanaochukua sampuli kwenye lava wanapima mwelekeo kwa jua pia, na ndo maana ile mashine ya kutafuta majiko ya kale yaliyofukiwa, ambayo kwenye udongo mtulivu inaona mahali palipoungua, kwenye lava inachanganyikiwa.

Mwisho tukaenda kwenye mchanga mweusi unaohama, majivu ya volkano. Mwongozaji akasema, "Dada, rusha juu uone." Nikarusha, upepo wote ule lakini ukashuka umeshikana. Nikapitisha sumaku yangu, aisee ikaota ndevu! Waliokuwa wananicheka wote wakawa wanaiomba.

Wakati wa kupanda gari mwongozaji akanyoosha mkono. "Dada, huo mchanga unabaki hapa." Kuzinyoa zile ndevu kwa kucha ilinichukua robo saa.