Hans Bethe na swali la safu ya nyuma

Leo, katika skuli yetu hapa Wete, niliwasimulia wanafunzi wa Kidato cha Nne habari za Hans Bethe, mwanafizikia wa nadharia aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933, Wanazi walipoingia madarakani, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Mwaka 1939 alieleza namna nyota zinavyopata nishati. Katika nyota nzito kuliko jua, kiini cha atomu ya kaboni hupokea protoni (yaani viini vya haidrojeni) moja baada ya nyingine, hugeuka naitrojeni na oksijeni, hatimaye heliamu huzaliwa na kaboni hurejea kama ilivyokuwa, tayari kuanza upya.

Msichana wa safu ya nyuma, ambaye ni nadra kuzungumza, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, alikuwa na darubini kubwa?"

Nilimjibu kwamba kazi yake ilikuwa hesabu, kwa kalamu na karatasi, akitegemea vipimo vya viini vilivyofanywa maabara na wenziwe.

Akalitazama daftari lake kwa muda mrefu.

Mtazamo ule umenigusa sana, kwani watoto wetu wengi huamini kuwa elimu ya nyota ni ya wenye mitambo tu. Bethe alitunukiwa Nobel mwaka 1967, na hata baada ya kustaafu aliendelea kukokotoa namna nyota kubwa zinavyolipuka.

Kipindi kilipokwisha alinifuata: "Na mimi nisome nini?" Nilimwambia aanze na hisabati.

Ndugu zangu mliosoma fizikia, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au kwengineko, mngemwongezea nini? Andikeni hapa, nitamsomea.