Nilivyochagua shahada ya kutangaza mitindo bila kujua kushona

Sijui kushona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipotezea karibu mwaka mzima. Kila nilipomwambia mtu kwamba napenda mitindo, swali lililofuata lilikuwa lile lile: unashona? Nami kwa kukosa jibu nikawa najaza fomu za ubunifu wa mavazi, huku nikijua fika kwamba pindo langu la kwanza lilikwenda upogo, na la pili halikuwahi kuwepo.

Kilichonivuta kilikuwa kingine. Nilikuwa nakata picha za majarida, nazitandaza sakafuni, kisha nazibadilishia maneno ya chini. Gauni moja jeupe, ukiliandikia sentensi hii, ni la bibi harusi. Ukiliandikia nyingine, ni la mwanamke aliyeikimbia harusi. Niliuona huo kuwa mchezo tu. Haikunipitikia kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Nilikuja kujua niliposoma yaliyotokea Paris Februari 1947. Christian Dior alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza kwa jina lake mwenyewe: viuno vimebanwa, sketi pana zinazomeza kitambaa, na watu ndiyo kwanza wanatoka kwenye dhiki za vita. Mtindo mkuu wa mkusanyiko ule yeye aliuita Corolle, kwa kuufananisha na petali za ua. Carmel Snow, mhariri wa jarida la Harper's Bazaar, alipouona akauita “New Look”, yaani mwonekano mpya. Leo hilo ndilo jina linalokumbukwa, lile la Corolle wachache wanalijua. Nikasoma pia habari za Eleanor Lambert, mtu wa mahusiano ya umma, ambaye mwaka 1943, vita ikiwa imeifunga njia ya kwenda Paris, aliwakusanya waandishi wa habari New York kwa wiki nzima waone kazi za wabunifu wa Marekani. Wiki ya mitindo ya New York ya siku hizi chimbuko lake ni hapo. Snow na Lambert, hakuna kati yao aliyekumbukwa kwa sindano.

Nikampelekea baba habari kwamba nataka kusomea kazi ya namna hiyo, ya kutangaza mitindo.

“Sasa mwanangu,” akasema, “ukimaliza utashona?”

“Hapana, baba.”

“Utauza?”

“Siyo dukani.”

“Basi sema utafanya nini, nami nipate cha kuwajibu watu.”

Nikamsimulia ya Snow na Dior. Akanyamaza kidogo, akasema: “Kumbe ni kazi ya kutia majina.” Siyo hivyo hasa, lakini nimewahi kusikia maelezo mabaya zaidi ya hayo kutoka kwa watu wa vyuo.

Ugumu ukaanza kwenye majina ya shahada zenyewe. Mawasiliano ya mitindo, utangazaji na mawasiliano ya mitindo, masoko ya mitindo, uandishi wa habari za mitindo: unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja. Niliweka mbili mezani zenye majina yanayokaribiana mno. Moja ilikuwa chini ya kitivo cha biashara. Humo kuna tabia za wateja, takwimu, bajeti za kampeni, na mwisho wa yote unaandika tasnifu. Ya pili ilikuwa chini ya sanaa. Humo kuna kupiga picha, kupanga mavazi kwa ajili ya picha, video, usanifu wa kurasa, na mwisho unatoa jarida au kampeni nzima. Hakuna iliyo mbovu. Ila anayetaka ya pili akijikuta kwenye ya kwanza atalia mwaka wa kwanza wote.

Tangu hapo nikaacha kuuliza chuo kinafundisha nini. Nikawa nauliza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anakabidhi nini, na kama naweza kukiona.

Swali hilo liliniokoa. Kuna chuo kimoja, sitakitaja, ambacho kijitabu chake kilikuwa kizuri hadi nikakilalia chini ya mto. Picha za kufa mtu, maneno machache, karatasi nzito. Nikaandika kuomba kuona kazi za wahitimu. Nikazungushwa, mara zinahifadhiwa, mara zinaandaliwa, hadi mtu mmoja mkweli akanijibu kwamba picha za kijitabu zilipigwa na wapiga picha wa kukodi. Hazikuwa za wanafunzi. Nilicheka peke yangu. Mimi ninayetaka kusomea utangazaji nilikuwa nimetangaziwa, na nikaingia mzima mzima.

Vyuo viwili vilivyobaki vilitaka jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa kazi ulizozifanya mwenyewe. Sikuwa na nguo za kujivunia, nikachukua koti moja la kijivu lililokatika kifungo cha pili kutoka juu, uzi bado unaning'inia. Nikalitengenezea vitu vitatu: kurasa mbili za jarida, picha fupi fupi za mitandao ya kijamii, na taarifa ya ukurasa mmoja kwa vyombo vya habari. Kwenye jarida niliusogelea uzi ule kwa kamera, ukawa ndiyo hadithi yote.

Chuo cha kwanza waliniuliza kuhusu mwanga na aina ya herufi. Chuo cha pili mwalimu alipekua taratibu, akarudi nyuma, akapekua tena.

“Kwa nini hukukishona kifungo?”

“Sijui kushona, mwalimu.”

Akacheka. Kisha akaweka kidole kwenye ile taarifa. “Hapa umeandika koti limekamilika. Aliyesoma hapa tu, atajuaje kwamba kifungo hakipo?”

Sikuwa na jibu. Kwenye jarida uzi ule niliufanya pambo, kwenye taarifa nikauficha. Akanieleza kuhusu Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo lililoporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Kwenye kifusi zilikutwa lebo za nguo zilizokuwa zikitangazwa vizuri sana ng'ambo. Mwanafunzi wake, akasema, lazima ajue nguo anayoisifu imetoka wapi kabla hajaandika mstari wa kwanza, na kuna somo la muhula mzima juu ya hilo.

Vyote viwili vilinikubali. Nikaenda kwa aliyeuliza habari za kifungo.

Sasa nipo mwaka wa pili, na upungufu wake nimeuona: hesabu ni chache mno. Kwenye mafunzo kwa vitendo nilipewa bajeti ya upigaji picha wa siku moja, nikasahau kuweka malipo ya mtu wa kupaka vipodozi, ikabidi nimpigie simu usiku kumwomba radhi. Ndiyo maana kila Alhamisi navuka uwanja kwenda kukaa nyuma kabisa kwenye darasa la watu wa biashara.