Nyumba ya babu isibomolewe

Krismasi inakaribia, na ninajua kikao kitaanzia wapi tukishapanda Marangu: tubomoe nyumba ya babu, tujenge ya kisasa. Naandika mapema, kabla baba wadogo hawajaanza kupiga hesabu ya matofali.

Nyumba ile imejengwa na kahawa. Babu alizaliwa kwenye msonge wa nyasi, watu upande huu, ng'ombe na mbuzi upande ule. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na kadiri hela ya kahawa ilivyoingia vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, misonge ikazipisha nyumba za pembe nne zenye mabati. Yake aliijenga miaka ya 1950, bei ikiwa nzuri: vyumba vinne, msingi wa mawe, kuta za miti na udongo. Mabati yale bado yapo juu, mazito kuliko haya tunayouziwa leo.

Nyuma ya kabati la bibi lipu imedondoka, na ndani ya ukuta kunaonekana. Fito zimefungwa kwa maganda makavu ya mgomba, fundo kwa fundo, bila msumari. Kwenye udongo zimebaki alama za vidole vya waliokandika. Kila nikifika lazima niweke mkono pale.

Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda, baba akaongeza baraza na kusakafia. Baadaye akaanza ubavu wa tofali za saruji. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawiana mauzo ya kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka, na ukuta wa baba ukaishia kwenye lenta. Hadi leo kuku wanalala humo.

Wanaosema nyumba imechoka wanaonyesha nyufa. Nyufa zile zimeletwa na lipu ya saruji iliyopigwa juu ya udongo. Unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unalowa kwa ndani, lipu inabanduka na kushuka na udongo. Fundi mmoja mzee wa kwetu anashauri tuitoe yote, tukandike upya, tumalizie kwa chokaa, kisha turefushe paa ili mvua ya masika isipige kuta. Tukipandisha na ule ukuta wa baba kutoka kwenye lenta, vyumba vya wageni vitapatikana bila kugusa kazi ya babu.

Shangazi, wewe ndiye mkubwa wetu sasa. Naomba uyasome haya kabla hatujakaa.