Upepo wa Hapa Nao Una Jina

Jumapili, Novemba

Mvua imepumzika tangu saa nne asubuhi, nami nimeshuka na nyuzi zangu hadi kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo. Nimevitia vitanzi viwili vya mwisho kwenye ndoano moja ya uzio, nikarudi kinyumenyume mita 25, nikavuta nyuzi zote mbili pamoja. Mmoja ulikaza. Wa pili ukabaki na tumbo, kama kamba ya kuanikia nguo. Sentimita tatu tu zilikuwa zimezidi, lakini ndizo zilizonisumbua wiki nzima. Tiara yangu huongozwa kwa nyuzi hizi mbili, na kila nikiinyoosha juu ilijipinda kushoto, nami nikizishuku fito, nikaishuku hatamu, zile nyuzi fupi zinazoishika tiara kwa mbele, kumbe ni uzi mmoja umemzidi mwenzake. Nimefungua fundo, nikalisogeza, nikavuta tena. Zimekaza zote kwa pamoja.

Napenda kazi hii ya nyuzi karibu sawa na kuruka kwenyewe. Uzi ni wa Dyneema, aina ya plastiki ngumu sana, mwembamba kuliko wa kushonea viatu, na bado unahimili kilo 68. Haunyumbuki: mkono ukivuta hapa, tiara inasikia kule papo hapo. Tena unateleza. Naweza kuizungusha tiara mara kumi upande mmoja, nyuzi zikasokotana kama ususi, na bado nikivuta kulia inakwenda kulia. Mwishoni kila uzi umevishwa ala ya kitambaa kilichosukwa, na fundo linapigwa juu ya ala hiyo, kwa sababu uzi mwembamba namna hii ukifungwa peke yake hujikata penye fundo.

Sisi Mombasa, Mji wa Kale, tulirusha tiara za gazeti. Fito zilikuwa chelewa tulizochomoa kwenye fagio, gundi ni unga wa ngano uliokorogwa kwa maji moto, mkia ni vitambaa tulivyookota chini ya cherehani ya fundi. Uzi mmoja. Ukishaipandisha, kazi yako ni kuitazama. Nilikuwa hodari wa kuzitengeneza, na ndugu zangu waliniletea zao nizirekebishe mkia. Kisha nikakua, nikaziacha, kama msichana anavyoambiwa aviache vitu vingi vya kukimbia uwanjani.

Huu ni mwaka wa nne tangu nizirudie, na nimezirudia huku Marekani, Seattle. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sina usingizi, nikashukia Gas Works Park. Zamani palikuwa na kiwanda cha kutengeneza gesi kwa makaa ya mawe. Sasa ni bustani kando ya Lake Union, na katikati kuna kilima kilichofukiwa kwa vifusi. Pale juu alikuwepo mzee mmoja na tiara nyeusi yenye mabawa mapana, kama ya pembetatu. Niliiona ikipanda wima, ikasimama. Ikakaa pale hewani bila kutikisika, pua juu. Halafu mzee akapiga mkono mmoja kidogo, akausogeza mbele, na tiara ikalala chali, ikajizungusha kama sinia, ikasimama tena pale pale. Sijui nilisimama muda gani. Yule mzee aliponiona sitoki, alinivisha mikanda yake mikononi bila maneno mengi. Iliniponyoka ikaanguka kwa pua mara tatu. Mara ya nne ikapanda, na mvuto wake ukanifika mabegani.

Tangu siku ile najifunza. Kuvuta kulia ili iende kulia, mtoto anaweza baada ya dakika kumi. Kinachochukua miaka ni kulegeza. Mbele ya mrushaji kuna kama robo ya tufe ambayo tiara inaweza kuruka ndani yake; katikati, upepo unaposhuka moja kwa moja, inavuta kwa nguvu zote, na kadiri inavyokaribia ukingoni, kushoto, kulia au juu kabisa, mvuto unakufa. Pale ukingoni ndipo michezo inapofanyika. Ile niliyoiona siku ya kwanza inaitwa akseli. Unaisimamisha tiara, unapiga uzi mmoja kwa kifundo cha mkono, kisha papo hapo unasogea mbele kuipa uzi uliolegea, ili ijigeuze bila kushikwa na chochote. Mikono yangu haikukubali kuachia. Majira ya baridi yote nilikuwa nikivuta pale nilipopaswa kulegeza, hadi asubuhi moja ya Februari ikazunguka. Nililia kidogo, nami sioni vibaya kuliandika hilo.

Tiara yangu ya kwanza ilikuwa Quantum ya Prism, kampuni iliyoanzishwa hapa hapa Seattle mwaka 1992. Nilidhani moja inatosha. Ndugu zangu wa Mombasa wakiona picha za begi langu sasa huuliza, tiara tisa za nini kwa mtu mmoja? Jibu ni kwamba hakuna tiara ya kila upepo. Tanga la kawaida na fito nzito kidogo za kaboni zinataka upepo unaotikisa matawi madogo. Siku za utulivu inakaa chini tu, imelala kwenye majani. Kwa siku hizo kuna tiara nyepesi, fito zake nyembamba kama za mwavuli, tanga la polista jepesi linalochakarika kama karatasi. Hiyo huirusha hewani hata pale ambapo moshi wa sigara unapanda wima, ukitembea kinyumenyume polepole ili miguu yako iwe ndiyo upepo. Na kwa siku za upepo mkali kuna yenye madirisha ya wavu kwenye tanga. Upepo unapita katikati yake, kwa hiyo haikuburuti wala haiendi kasi kupita akili yako. Ukijaribu kuirusha ile nyepesi siku hiyo, fito zitavunjika kabla hujashusha pumzi.

Begi likajaa hivyo, upepo mmoja baada ya mwingine. Zipo nilizozitafuta kwa sababu nyingine. Nina Peter Powell ya zamani niliyoipata kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani, imekunjwa ndani ya sanduku la viatu. Peter Powell alikuwa Mwingereza wa Cheltenham, na miaka ya 1970 tiara yake ya nyuzi mbili ilienea nchi nyingi. Ina umbo la almasi na mkia mrefu wa neli ya plastiki, mtupu ndani. Upepo ukiingia neli inavimba, na kila mzunguko unabaki umeandikwa hewani nyuma yake. Naitoa mara mbili kwa mwaka tu, plastiki imezeeka. Nina pia Revolution, ya nyuzi nne, iliyobuniwa na ndugu wa familia ya Hadzicki huko San Diego mwishoni mwa miaka ya 1980. Hiyo unaishika kwa vishikio viwili, kila kimoja na uzi wa juu na wa chini, nayo inaweza kusimama, kurudi nyuma na kushuka kichwa chini hadi iguse nyasi kwa upole. Ukiijua, unaweza kuitua juu ya kofia ya mtu. Bado sijaijua kiasi hicho.

Moja imenitia hasara. Niliinunua iliyotumika kwa mtu aliyeniapia kwamba ni nzima, na picha zilikuwa nzuri. Siku ya kwanza, ubavu wa kulia ulikatika hewani kwa mlio kama wa bastola ya mtoto, na tanga likapasuka likafuatana nao. Ufa ulikuwepo zamani, umefichwa ndani ya kitambaa cha ubavuni. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba ya miezi mitatu. Sasa nikiletewa tiara ya mkononi huzichomoa fito zote na kuzipitishia pamba, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kaboni iliyopasuka, hata pale jicho halioni, huinasa pamba na kubaki na nyuzinyuzi nyeupe. Usitumie kidole: vibanzi vyake ni vyembamba na vinauma siku nyingi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akileta boriti za mikoko kutoka Lamu. Nilipomjua alikuwa ameshaacha bahari, lakini kila alfajiri alitoka barazani, akainua uso, akasema neno moja kabla hata ya kuomba kahawa. Umande. Matlai. Kusi. Siku ambazo upepo haukujiamua alisema maleleji, na akarudi ndani. Kwetu upepo ulikuwa na jina kama mtu, na jina likikwisha kutajwa watu walijua kama samaki watakuwepo, kama nguo zitakauka, kama joto litakuwa la kaskazi au kipupwe kimekaribia.

Nilipohamia huku upepo ukapoteza jina. Ukawa namba kwenye simu: kilomita 14 kwa saa, kilomita 22 kwa saa. Miaka sita niliishi hapa nikiufungia koti tu.

Tiara ndizo zilizonigeuza uso. Huwezi kurusha bila kuupa upepo mgongo wako, kwa hiyo kila ninapofika uwanjani lazima kwanza nijue unatoka wapi. Pale Gas Works nilijifunza kwamba nyuma ya kilima upepo unajiviringisha kushuka, na tiara iliyopanda vizuri huanguka ghafla kama imekatwa uzi. Nikajifunza kutafuta ule uliopita juu ya maji. Na Agosti ya mwaka jana nilikwenda Long Beach, kusini magharibi mwa jimbo hili, kunakofanyika tamasha la tiara la kila mwaka. Ufuo ni tambarare, umenyooka kilomita nyingi, na upepo unaingia kutoka Pasifiki haujagusa nyumba wala mti. Mji ule mdogo una jumba la makumbusho la tiara, la mwaka 1990. Humo nilijua kwamba katika Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la Marekani lilitumia tiara ya nyuzi mbili iliyobuniwa na Paul Garber, imechorwa ndege ya adui, ili wapiga bunduki wajifunze kulenga. Nilitoka nje nikakaa mchangani kwa muda, sikutaka kurusha mara moja.

Ilikuwa jioni ile, nikikunja nyuzi kwa ishara ya namba nane, ndipo nilipoligundua. Nilikuwa nimeandika daftarini, kila siku niliyorusha kwa miaka mitatu, upepo umetoka wapi. Nikarudisha kurasa nyuma. Juni, Julai, Agosti: kaskazini, kaskazini, kaskazini magharibi, na jua. Novemba hadi Februari: kusini, kusini magharibi, na mvua. Hata hapa kumbe! Upepo wa kaskazini unaleta anga safi, upepo wa kusini unaleta mawingu na maji. Miezi si ile ya kwetu, lakini wawili hawa nawajua. Hapa nako kuna kaskazi na kusi.

Nikaanza kuziita tiara kwa majina hayo. Yenye madirisha ni Kusi, kwa sababu ndiyo ya dhoruba za Novemba. Nyepesi ni Umande. Revolution nimeiita Maleleji; upepo ukitangatanga yenyewe ndiyo inayoweza kurudi nyuma na kusubiri. Na Quantum yangu ya kwanza niliiita Mwanana.

Mwanana haipo tena begini. Julai hii nilikwenda nyumbani, nikaenda nayo, na jioni bahari ilipokupwa tulishuka pwani ya Nyali mimi na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 11. Kusi ilikuwa imetulia, inavuma kwa mpango. Nilimvisha mikanda kama nilivyovishwa mimi. Iliponyoka ikaanguka kwa pua, mara moja tu. Ya pili aliipandisha, akaipitisha chini chini juu ya mchanga uliolowa hadi kivuli chake na yenyewe vikakaribia kugusana, akaipandisha tena, na wavulana waliokuwa wakicheza mpira wakauacha. Nilimweleza kwamba pale ukingoni alegeze. Alilegeza. Hakuwa na ile hofu yangu ya kuachia. Siku ya kuondoka nilimwachia, pamoja na nyuzi, na daftari jipya.

Hakuwa ameniandikia kitu mpaka wiki iliyopita. Nilikuwa nimetoka zamu, nimekaa kituoni nasubiri basi, mvua ya upande, kusi kabisa. Simu ikatoa ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia jogoo na mtu anayefagia.

"Shikamoo shangazi. Nimeandika kama ulivyosema. Leo imetoka mashariki tangu alfajiri, ndogo ndogo. Nyanya anasema hiyo ni matlai. Kweli ni matlai?"

Nimemjibu ndiyo, ni matlai, na airushe mapema kabla haijafa. Kisha nikamwambia na ya huku.