Nilivyonunua kompyuta nzima Moshi ili nipate kadi ya grafiki

Mwaka 2021, ukiingia duka la kompyuta hapa Arusha ukaulizia kadi ya grafiki ya kuchezea gemu, kile kipande kinachochora picha za kwenye skrini, muuzaji alikuwa anakuangalia kwanza kuanzia viatu ndipo ataje bei. Kadi ya RTX 3060, ambayo kampuni ya NVIDIA waliitoa Februari mwaka huo kwa dola 329, nilitajiwa milioni moja na laki tisa. Dola ilikuwa inacheza kwenye 2,300, kwa hiyo bei yake ya kutangazwa ni kama laki saba na nusu. Weka usafiri, weka kodi, weka na faida ya mwenye duka, bado hufiki huko. GTX 1660 Super, kadi ya 2019 iliyoanza kwa dola 229, ilikuwa milioni moja na laki tatu, na hapo ni baada ya kuambiwa "nimekupunguzia, chalii wangu."

Nilikuwa napita Barabara ya Sokoine nikicheka mwenyewe. Mzee Sokoine, akiwa Waziri Mkuu mwaka 1983, ndiye aliyewatimua mbio walanguzi nchi nzima, watu wakawa wanatupa mali usiku. Leo barabara yenye jina lake nabembeleza bei ya kulanguliwa, tena kwa heshima zote.

Ila tusiwaonee wenye maduka peke yao, nao walikuwa wanauziwa juu. UVIKO-19 ilifungia watu ndani huko nje, kila mtu akataka kompyuta, viwanda vya chipu vikaelemewa. Juu ya hapo Ethereum, sarafu ya mtandaoni, ikapanda bei. Wakati ule sarafu hiyo ilikuwa "inachimbwa", yaani inapatikana kwa kupigisha kompyuta mahesabu, kwa kadi hizi hizi za gemu, basi wachimbaji wakawa wanazibeba kwa maboksi. NVIDIA walijaribu kuiwekea 3060 kizuizi ili kasi yake ya kuchimba ishuke nusu. 1660 Super haikuwekewa, kwa hiyo wakaing'ang'ania hiyo. Na ndiyo niliyokuwa naitaka mimi, kwa sababu inakula umeme wati 125 tu na pawa saplai yangu ya wati 500 ilikuwa inaimudu bila kuguswa.

Bajeti yangu ya kadi ilikuwa laki sita. Kwa laki sita ulikuwa unapata vitu viwili: kadi ya zamani sana, au feki.

Feki niliiona kwa macho yangu. Jamaa mmoja maeneo ya Kilombero alikuwa na "GTX 1050 Ti" mpya kwenye boksi, laki tatu na nusu. Boksi linang'aa, stika zipo. Nikaigeuza nyuma nikaona tundu la VGA, lile la bluu la skrini za zamani. Hapo nikajua. Kizazi cha GTX 10 hakitoi mawimbi ya VGA kabisa, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la VGA ni mzee aliyepaka nywele piko. Sikubishana. Nilimwomba tu tuichomeke kwenye mashine yake, nikafungua GPU-Z, programu ya kusoma chipu iliyo ndani ya kadi, kutoka kwenye flashi yangu. Windows ilisoma 1050 Ti vizuri tu, maana wajanja hubadilisha programu iliyo ndani ya kadi, lakini GPU-Z ikaandika neno FAKE kwenye mabano mbele ya jina. Kumbe ndani ni chipu ya miaka kumi iliyopita. Jamaa akasema na yeye kauziwa. Inawezekana.

Nairobi niliifikiria, Namanga si mbali. Jamaa zangu wa kule wakaniambia bei ni zile zile, tofauti ni lafudhi ya muuzaji. Na kadi ikifa baada ya wiki unairudisha vipi mpakani? Nikaachana nayo.

Kilichonifungua akili ni kuangalia matangazo ya kompyuta za mitumba badala ya matangazo ya kadi. Mtu anayeuza kadi peke yake anajua bei yake, kila asubuhi anaangalia mtandaoni imepanda kiasi gani. Mtu anayeuza kompyuta nzima anapiga hesabu ya kompyuta: ina miaka mingapi, RAM (kumbukumbu ya muda) ngapi, diski ngapi. Kadi iliyomo inahesabiwa kama sehemu ya chombo, kama vile matairi kwenye gari. Nikaanza kuwatafuta watu wanaofanya kazi za video: studio za harusi, watu wa matangazo, wapiga picha. Hao wananunua kadi nzuri kwa ajili ya kazi, wakihamia laptopu wanauza mashine yote.

Nikampata mwenye studio mmoja Moshi, karibu na Mbuyuni. Mashine ya i5, RAM GB 16, SSD na diski ya TB 1, na 1660 Super ndani. Anataka milioni moja na laki tatu, bila skrini. Yaani bei ile ile ya kadi peke yake Arusha. Hesabu yangu: nachomoa kadi, mashine iliyobaki naiuza.

Kabla sijapanda gari nilimwomba picha moja tu: ile ya jina la prosesa, ubongo wa kompyuta, kwenye skrini. Ilikuwa i5-9400. Hapa ndipo mtego ulipo, na wengi hawaujui. Ingekuwa i5-9400F, ile F ya mwisho ina maana prosesa haina grafiki ya ndani. Ukiitoa kadi, mashine inawaka lakini skrini haionyeshi kitu, na huwezi kuiuza bila kuitafutia kadi nyingine. Bila F, mashine inabaki nzima. Nikapanda Coaster.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Arusha? Haya, mashine hiyo."

Nilimwambia ukweli mapema: ninachotaka ni kadi, na sokoni kadi peke yake iko juu. Nikamuuliza kama anaweza kuniuzia hiyo tu. Akatikisa kichwa. "Dogo, nikishakutolea kadi, hilo boksi lililobaki nimuuzie nani? Mimi sina muda wa kuuza vipande. Beba yote."

Nikafungua ubavu wa mashine. Vumbi lilikuwa limejaa, jekundu, kwenye feni na kwenye mapezi ya bati, na hilo lilinifurahisha. Kadi iliyotoka kwa wachimbaji mara nyingi inakuja imeoshwa inang'aa, skrubu zimechubuka kwa sababu imefunguliwa ikabadilishwa krimu ya kupitisha joto. Hii stika ndogo juu ya skrubu ya nyuma ilikuwa haijachanika. Nikazungusha feni kwa kidole, zikazunguka bila kukwaruza. Risiti ya 2020 alikuwa nayo kwenye boksi lake.

Kisha FurMark. Hii programu inaibana kadi ifanye kazi kwa nguvu zake zote, ndiyo maana kadi mbovu hujitangaza mapema: skrini inatoka madoadoa, mistari, au mashine inajizima. Tukaiacha dakika kama ishirini tukinywa soda, yeye ananisimulia bibi harusi aliyegoma kutabasamu. Joto lilipanda likasimama kwenye nyuzi 74, na hiyo ni Moshi, mchana, chumba hakina feni. Arusha ingekuwa na nafuu. Umeme ukakatika katikati ya awamu ya pili. Nilimwambia nitasubiri urudi, akacheka, tukasubiri.

Tulishikana mkono kwa milioni moja na laki mbili, nikamrushia kwa simu palepale.

Kadi niliichomoa kabla ya safari na kuirudisha kwenye boksi lake. Ikiachwa imening'inia ndani ya mashine, tuta moja la kasi linatosha kuvunja sehemu inapochomekwa. Boksi la kadi mapajani, mashine chini katikati ya miguu, konda anadai nauli ya mzigo kuanzia Boma Ng'ombe.

Mashine iliyobaki niliifuta vumbi, nikaipigia Windows upya na kuipeleka kwa mama mmoja wa steshenari Ngarenaro aliyekuwa anatafuta ya kuchapia. Nikamweleza kwamba kadi ya gemu nimeitoa, inatumia grafiki ya ndani ya prosesa.

"Mimi gemu la nini, mwanangu? Word inafunguka?"

Inafunguka. Akanipa laki sita na nusu. Kwa hiyo kadi ilinisimamia laki tano na nusu pamoja na nauli kidogo, karibu sana na zile dola 229 za mwaka 2019.

Kuna rafiki yangu aliyesubiri. Septemba 15, 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji wa kadi, mitumba ikamwagika, akapata nzuri kuliko yangu kwa pesa ndogo. Sawa, alipata. Ila muda wote huo alikuwa anakuja kuchezea kwangu, tena anakula na wali.

Siku hizi kelele zimehamia kwenye RAM, bei zimeruka tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu ya vituo vya data vya akili mnemba vinavyoibeba kwa wingi. Dogo mmoja wa Sakina kaniuliza atapata wapi RAM ya bei rahisi. Nikamtumia tangazo la ofisi inayouza kompyuta zake za zamani, nikamwambia aulize kwanza ndani mna GB ngapi, na ni DDR4 au DDR5, maana hivyo ni vizazi viwili vya RAM visivyoingiliana.