Mkebe wa soda ulivyonipatia jina la chopa

Anayekwambia "ukitaka kujua ni chopa ya nani inakusumbua, pakua tu ile programu ya ramani ya ndege kwenye simu" hajawahi kulala mchana Kileleshwa, Nairobi. Mimi ni muuguzi na zamu zangu nyingi ni za usiku. Nafika nyumbani saa mbili asubuhi, nakunywa chai, navuta pazia, na kwenye saa tatu hivi chopa, yaani helikopta, inapita juu ya paa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Nafungua simu: kuna ndege ya abiria inashuka JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, nyingine iko mbali huko upande wa Naivasha, na juu ya kichwa changu hakuna kitu. Anga tupu, vikombe vinacheza.

Ushauri wa pili ulitoka kwa jirani wa gorofa ya tatu, mjuaji wa kila jambo katika kundi letu la WhatsApp: pima kelele kwa simu. Nikapima. Simu yangu ikasema lake, ya mume wangu ikiwa hapo hapo mezani ikazidisha desibeli zaidi ya kumi, na upepo ukivuma dirishani zote mbili zilidai kuna chopa. Hata hivyo nilizipeleka zile namba kwenye ofisi moja. Kijana wa mapokezi akaniuliza kwa adabu kabisa, "Sasa madam, tumshtaki nani? Hii kelele haina jina."

Aliniudhi, lakini ndiye pekee aliyenishauri kitu cha maana.

Jina linapatikana hivi. Ndege hutuma taarifa zake kwa redio, kwenye megahezi 1090. Zenye vifaa kamili hutaja zenyewe mahali zilipo, na hizo ndizo ramani ya simu huchora. Chopa nyingi ndogo hujibu rada tu: zinatoa msimbo, yaani namba ya utambulisho, na kimo, basi. Kuzichora kwenye ramani kunahitaji vipokezi kama vinne vilivyotawanyika vinase ishara moja na kulinganisha muda ilipofika kwa kila kimoja. Lakini mimi sikuhitaji ramani. Mahali ilipo nilipajua, kitanda kilikuwa kinaniambia.

Luthuli Avenue nilinunua kidude cha USB cha kunasa televisheni, chenye chipu ya RTL2832U. Elfu tatu na kitu, nne ukionyesha una haraka. Laptopu ni ile ya zamani ya mume wangu. Programu ya kusoma ishara za ndege inaitwa dump1090, ni ya bure, mtoto wa sekondari atakuwekea.

Antena iliyokuja na kidude ni takataka. Niliiweka dirishani ikanasa ndege kubwa tu, tena kwa kubahatisha. Hapo ndipo nilipotamba. Nilikata mkebe wa soda ukabaki sentimita 6.9, ambayo ni robo ya wimbi la megahezi 1090, nikaugeuza mdomo chini. Kitako nikakitoboa tundu, nikapitisha waya wa katikati wa kebo ya televisheni, ukachungulia juu kwa sentimita 6.9 hizo hizo. Wavu wa nje wa kebo lazima ushike kitako, na risasi ya kuchomelea haishiki alumini hata ukilia, kwa hiyo tumia kiunganishi chenye nati, ukikaze. Juu nikafunika kwa chupa ya plastiki ya maji kuzuia mvua.

Keateka, mtunza jengo letu, alinikuta nao kwenye paa, kati ya matangi. "Madam, hii ni ya kuiba nini?" Nikamwambia inasikiliza tu, haitoi chochote. Akauzunguka, akaugusa kwa kidole, akasema mwenye nyumba akiuliza yeye hajauona.

Ishara zikamiminika. Misimbo ya Kenya huanza na 04C, na kila chopa ina wake, haubadiliki rubani akibadilika. Ngurumo ikianza natazama ni msimbo gani nguvu yake inapanda. Ikififia, nao unafifia. Naandika daftarini saa, msimbo, kimo. Msimbo ukishaujua, wapenda ndege wana orodha zinazokupa namba ya usajili, ambayo kwa ndege za Kenya huanza na 5Y.

Kimo ndicho kilichozua ubishi kwenye kundi. Mjuaji wetu aliona futi 6,000 akaandika, "Hiyo iko juu sana, wacha kulalamika." Ndugu yangu, kimo hicho hakihesabiwi kutoka paa lako! Uwanja wa ndege wa Wilson wenyewe, hapa Nairobi, uko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Tena namba hiyo hupimwa kwa shinikizo la hewa la kawaida la kimataifa, na hewa ya Nairobi haifuati: ndege zinazokaribia kugusa lami pale Wilson nilikuwa nazisoma kwenye 5,300. Basi toa 5,300 kwenye 6,000. Kileleshwa iko juu kidogo kuliko Wilson, toa tena. Jengo letu nalo linakula kama mia. Zinazobaki hazifiki 500. Kanuni za kimataifa juu ya miji ni futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho ndani ya mita 600 kutoka ndege ilipo, isipokuwa unapaa, unatua au una kibali. Alijibu kwa kidole gumba.

Nilidhani daftari litajaa waheshimiwa. Wao ni wa wikendi, wakienda mazishi na harambee. Yule wa saa tatu alikuwa msimbo mmoja tu, siku za kazi, wa kampuni ya kukodisha. Niliwapigia, nikawasomea tarehe, saa na vimo. Mzee aliyepokea akanyamaza, kisha akauliza, "Mama, wewe uko mnara wa kuongozea ndege?" Sasa inapita upande wa Ngong Road, siku nyingi. Wikendi bado nalala na pamba masikioni.

Ukitengeneza wako, kebo iwe fupi. Kwenye 1090 kila mita inakula ishara, kwa hiyo laptopu ipande ngazi, kebo isishuke. Na waambie wanaoanika nguo kwamba ile si kamba.